Nani Iko na Mutu Wake Mule?

Mchungaji wetu hapa Rumonge anapenda habari kuliko anavyopenda chakula. Kila Jumapili, wimbo wa kwanza ukiisha, anatoa simu mfukoni, anapandisha maandishi kwa kidole, anatusomea jambo lililotokea wiki hiyo: basi limepinduka, mafuta ya mawese yameshuka bei, mvuvi kakamatwa na mamba. Kisha anaishusha simu, anatutazama kwa huruma ya mwalimu anayejua wanafunzi wake ni wazito, na anauliza, "Mungu anatufundisha nini hapa?" Hangoji jibu. Jibu analo tangu nyumbani.

Mimi mwenyewe ni mwalimu, nafundisha shule ya msingi kule Gatete, kwa hiyo namtambua mtu aliyeandaa somo bila kuwajali watakaolisikia. Sisemi kwamba habari hazina mafundisho. Nimelelewa na mafundisho hayo. Nilizaliwa kambini, upande wa Kigoma, mtoto wa wakimbizi, na desturi hii ya kuleta habari kanisani haikuanzishwa na mchungaji. Ni yetu. Tulirudi nayo kutoka Tanzania kama tulivyorudi na mabati na baiskeli zetu. Yeye aliikuta hapa, akachukua nusu yake.

Nusu aliyoiacha ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Kambini tulikuwa Warundi na Wakongo pamoja, ndiyo maana tuliabudu kwa Kiswahili. Kanisa lilikuwa na redio moja ya betri, na aliyeishika ni mwinjilisti wetu. Jumapili alisimama akatueleza aliyoyasikia. Lakini kabla hajasema neno lolote juu ya mapenzi ya Mungu, alituuliza kwanza: "Nani iko na mutu wake mule?" Maana habari zile zilikuwa za kwetu. Kijiji kimechomwa, mashua imezama, watu wamekutwa porini. Aliyekuwamo ndani ya habari angeweza kuwa kaka wa yule mama aliyekaa benchi la nyuma akinyonyesha.

Mtu akiinuka akajibu, "Mimi niko naye," fundisho liliishia hapo hapo. Mwinjilisti aliketi chini kwenye udongo, nasi tukateremka mabenchini tukaketi chini pamoja na mwenye habari. Hakuna aliyemwambia kwamba Mungu ana makusudi yake. Fundisho lilikuwa mali ya mwenye msiba. Akitaka, angelitoa mwenyewe siku yoyote moyo wake ukiwa tayari; asipotaka, halikutolewa. Mama yangu alikaa na la kaka yake, aliyezama ziwani akikimbia, mpaka nikawa msichana mkubwa ndipo akasimama kulisema. Alisema maneno machache tu: kwamba amemlaumu Mungu miaka yote hiyo, na Mungu hakumkasirikia. Sijawahi kusikia mahubiri mengine yaliyonikaa moyoni kama yale.

Mama alipenda kutukumbusha kwamba hata Yesu aliletewa habari. Walimjia na habari ya watu waliouawa, naye akawakumbusha ya mnara ulioangukia wengine, na wote walikuwa wakingoja awaambie marehemu wale walikosa nini. "Hakuwaambia," mama alisema. "Aliwarudishia wenyewe lile swali." Hakusoma shule nyingi, lakini hilo alilishika.

Tuliporudi Burundi tulikuta watu wengine kwenye shamba la babu, kule juu penye michikichi. Nao walikuwa wamezaa hapo na kuzika hapo. Tukaambiwa tuelewane. Kuelewana kwenyewe kukatupa kipande cha chini, upande wa ziwa, mahali ambapo wenyeji walikuwa wanafungia mbuzi. Mama hakulalamika. Alijenga kwa matofali mabichi, akaweka mlango wa mninga tuliokuja nao kwenye lori kutoka Tanzania. Ulikuwa mlango mzuri kuliko nyumba, na majirani walitutania kwamba tumejengea mlango ukuta.

Halafu ziwa likaanza kupanda. Halikuja kwa fujo. Liliingia jikoni kwanza, tukahamisha mafiga. Likafika kwenye choo, na hapo sitaki kueleza. Kuta zikaanza kulegea kutoka chini, zikawa laini kama ugali usioiva, na tukajua kwamba kilichobaki ni kuokoa. Mabati tuliyavua wenyewe. Mlango mama aliufungua kwa mkono wake, bawaba moja moja, maji yakiwa yamemfika magotini, akakataa mtu mwingine asiuguse.

Aliyetupokea ni jirani yetu wa upande wa barabara, mama Mwislamu anayeuza ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Tulifika kwake tumelowa, mlango wetu kichwani. Mama akaanza kujieleza, kwamba ni kwa muda tu. Yule mama akamkatisha: "Dada, ingia kwanza. Maneno iko baadaye." Hakuuliza tulimkosea nini Mungu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mengine ni kelele.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani. Mama alivaa kitenge cha kuazima. Alikaa benchi la mbele kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Mchungaji akatoa simu. Akasoma kwamba ziwa limepanda, kwamba watu wa pwani kuanzia Kabezi hadi kwetu wamepoteza nyumba. Moyo wangu ulilainika. Nikadhani sasa anatuita. Badala yake akainua ile simu juu, akaigeuza ili walio mbele waone picha.

"Tazameni," akasema. "Hii hapa ni nyumba ya mutu mwenye alijenga ku muchanga. Maji imekuja, imebeba mpaka mulango!"

Kanisa likaitikia amina. Mama alikuwa karibu na ile simu kuliko mtu yeyote. Aliisogelea kidogo, akaitazama vizuri. Ilikuwa nyumba yetu. Niliitambua hata mimi kutoka benchi la pili, kwa ule uwazi mweusi mahali mlango ulipokuwa.

"Mulango niko nao," mama akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemsahihisha mtu njiani. "Niliutoa mimi."

Mchungaji hakusikia, au alisikia akadhani bibi anasali. Aliendelea. Alisema mpumbavu hujenga apendapo yeye, mwenye hekima hujenga Mungu apendapo. Nani alipenda kujenga pale? Mwamba wetu uko juu penye michikichi, na juu yake kumelala watu wengine. Nilitaka kupiga kelele, lakini mama aliniwekea mkono gotini, na nilimtii, na utii ule naujutia kuliko dhambi nyingi.

Kilichonikata maini zaidi si mchungaji. Yeye ni kijana wa Bujumbura, hakukaa kambini, hakujua. Lakini pembeni yake, kwenye kiti cha wazee wa kanisa, alikuwa ameketi mwinjilisti wetu wa kambini. Yule yule wa redio. Yeye alijua. Aliinamisha kichwa akachezea kofia yake mpaka mahubiri yakaisha.

Mama hakurudi tena kanisani. Hakununa, hakumsema mtu. Alisema tu, "Siku watauliza, nitarudi." Alikuwa ameanza kuugua kifua, na yule jirani alitupa chumba cha nyuma, tukalaza ule mlango juu ya matofali ukawa kitanda chake. Nikatumwa mimi. Kila Jumapili nilikwenda, nikasikiliza, nikarudi. Kabla sijavua viatu alikuwa ameshauliza.

"Waliuliza?"

"Hapana, mama."

Mawe yaliporomoka barabarani kule Gitaza yakaangukia watu: tukafundishwa kujiweka tayari. Mashua ya wavuvi ikapigwa na dhoruba: tukafundishwa kwamba wasio na Yesu chomboni huzama, na mwanamke mmoja nyuma yangu akatoka nje amejifunika uso. Hakuna mwingine aliyemfuata. Mimi nilimfuata nikamkosa. Nilipomweleza mama, aligeuka ukutani. Ningeweza kumdanganya, nikasema ndiyo, wameuliza, inuka twende. Nilifikiri hivyo zaidi ya mara moja. Lakini angetaka kwenda kweli, na angekwenda kukuta simu ile ile.

Basi nilimfuata mwinjilisti nyumbani kwake. Nilimkuta akikamua mawese.

"Muzee, amahoro," nikamsalimia. "Mama anakusubiri. Muulize tu lile swali, hata Jumapili moja. Anataka kurudi."

Alifuta mikono kwa muda mrefu. "Mutoto wangu," akasema, "mambo ya kambi tuliyaacha kambini. Hapa tukisema vile wanatuita wakimbizi tena. Na pasitori amesoma."

"Mama amekaa chini na wewe mara ngapi? Ulipofiwa na mkeo nani alikaa karibu yako udongoni?"

"Ni yeye," akajibu. "Ninajua. Ni yeye."

Aliendelea kufuta mikono ambayo ilikuwa imekwisha kuwa safi. Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo mama angenigombeza kwalo. Sikumwambia nilikotoka.

Alikufa asubuhi, juu ya mlango wake, jirani akimpa uji na mimi nikijiandaa kwenda shule. Hakuaga kwa maneno makubwa. Alisema uji una chumvi nyingi.

Mchungaji alikuja kuzika. Hilo simnyimi: alikuja mapema, na viatu vyake vizuri vikaingia tope. Watu walikuwa wengi, watu wa kanisa na majirani wa barabarani, jirani yetu na wanawe wamesimama nyuma kwa adabu. Jeneza lilikuwa tayari kwenye shimo. Mchungaji akafungua mikono, na nikaona uso wake ukivaa ile huruma ya Jumapili.

"Wapendwa," akaanza, "kifo cha mama yetu kinatufundisha kitu. Nyumba yake ya dunia ilienda na maji, tuliiona wote. Lakini leo..."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tangu nizaliwe sijawahi kumkatisha mtu wa Mungu akisema. Siku ile sauti ilitoka kabla sijaipa ruhusa.

"Nani iko na mutu wake mule?"

Akashusha mikono. Alinitazama kwa kutoelewa kabisa, na nafikiri kweli hakuelewa. Waliotoka kambini walielewa. Niliwaona wakishtuka mmoja baada ya mwingine, watu wazima wenye biashara zao na vyeo vyao vya kanisa, kama walioitwa kwa jina la utotoni. Nilingoja. Nilitaka mmoja wao ajibu kabla yangu, maana mama alikuwa wao pia. Alikuwa amekalia udongo kwa ajili ya kila mmoja wao.

"Mimi," nikasema. "Mimi niko naye. Ni mama yangu."

Mwinjilisti alivua kofia. Aliinama polepole, magoti yakimsumbua, akaketi chini kwenye lile tope jekundu la kaburi. Kisha akaketi mwingine, na mwingine, mpaka waliobaki wima wakawa ni watu wasiotoka kambini, wakiulizana kwa macho. Jirani yetu hakuwa anajua desturi, lakini aliona watu wameketi na mimi nimesimama, akaja akanishika kiwiko akaniketisha, akakaa karibu yangu. Mchungaji alibaki amesimama na fundisho lake mkononi. Baadaye naye alichuchumaa, kwa tahadhari, asichafue suruali.

Watu waliniambia kwamba yalikuwa mazishi mazuri. Mwinjilisti alinishika mikono yote miwili akilia, akaniomba nimsamehe, nikamwambia nimemsamehe kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Moyoni sijafika huko. Nilikuwa namtaka akae chini mama akiwa hai, benchi la mbele, na kitenge chake cha kuazima. Tope la kaburini ni rahisi. Kila mtu hulikalia.

Mchungaji anaendelea kusoma simu yake Jumapili. Watu wawili watatu wa kambini humsogelea baada ya ibada kumweleza jinsi tulivyokuwa tukifanya, naye huitikia kwamba ni desturi nzuri, ataiombea.

Siku ile ya mazishi nilirudi kwa jirani nikiwa na udongo mpaka kiunoni. Niliingia chumba cha nyuma. Mlango ulikuwa pale juu ya matofali, umetandikwa, na mto bado una shimo la kichwa chake. Nilianza kuvua viatu, na kwa mazoea nikasita, nikingoja aulize.

"Hawakuuliza, mama," nikamwambia. "Nimeuliza mimi."