Choo Napata kwa Shida

Tangu serikali iruhusu zahanati za binafsi, Kariakoo zinaota kama uyoga. Juzi nilikaa kwenye benchi la mojawapo, jirani na Msimbazi. Mezani mwanafunzi wa udaktari alikuwa anajaza dodoso la chuo chake: je, kuna haja ya kujifunza kuzungumza na wagonjwa? Akatia tiki kwenye "Hakuna haja", akamwambia muuguzi, "Kwani mimi Kiswahili sijui?"

Akaingia mama mmoja anachechemea, goti linamuuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Choo unapata?" aliuliza yule mwanafunzi, macho kwenye karatasi.

Mama akaona haya. "Napata kwa shida, mwanangu. Hasa asubuhi."

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie mtaa wa Gerezani."

"Basi nakuandikia dawa ya kulainisha choo."

Mama alimtazama kwa huruma. "Choo chenyewe cha saruji, baba, na wapangaji tuko kumi na wawili. Shida ni foleni."

Muuguzi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Kijana alivuta lile dodoso, akaifuta ile tiki ya wino mpaka karatasi ikatoboka.

Chuo kinataka kujua msimamo wake. Kichungulie kwenye hilo tundu.