Majina ya Wafu Kwenye Orodha

Rwanda haina reli, lakini hapa Gisenyi tuna chama cha historia ya reli, sisi tuliofanya kazi kwenye treni za Kongo kabla ya kurudi. Mimi ni katibu, na nilikuwa nimechoka. Hatupigi kura mpaka nusu ya orodha ihudhurie, na mwenyekiti alikataa katakata kufuta wafu, akiwamo mdogo wake, dereva wa treni. Kila mkutano nayaita majina yao, idadi haitimii, tunarudi makwetu.

Jumamosi tulipungukiwa mtu mmoja tu. Nilipoita jina la yule dereva, sauti ikajibu mlangoni: “Niko.” Nikaruka kitini. Alikuwa mjane wake, fundi cherehani wa Rugerero.

“Hukufanya kazi relini, shemeji,” mwenyekiti akasema.

“Na nguo zake za mafuta, nani alikuwa anazifua?”

Nikaweka alama mbele ya jina la marehemu. Idadi ikatimia.

“Bon, tupige kura,” mjane akasema, bado amesimama. “Mutoe bwana yangu, muniandike mimi.”

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mwenyekiti.