Maneno Aliyoyasema Binti Yangu Ukumbini

Mhariri, naomba ufiche jina langu na mtaa wetu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nakaa pembeni mwa mji wa Tabora. Mume wangu ni seremala. Tuna binti mmoja wa miaka kumi na tano. Hapa nitamwita Zuhura.

Zuhura hamtazami mtu usoni, na hasemi ila alichowahi kukisikia. Humrudisha msemaji mzima: sauti, kikohozi, hata kigugumizi. Shule ilishindwa naye. Mwaka huu mwalimu mmoja wa maigizo, kijana wa Kizaramo, alianza kuwakusanya vijana wa namna hiyo kila Jumamosi katika ukumbi wa maendeleo. Hawapewi maneno ya kukariri. Mmoja anaanza, mwenzake anapokea na kuendeleza, na hakuna kukataa ulichopewa.

Nilimwuliza anataka nini kwa watoto ambao hakuna aliyewahi kuwataka. Akacheka. "Shikamoo mama. Ninyi Wanyamwezi watani zangu. Babu zenu walifika kwetu pwani na mizigo, tukawatandikia mikeka. Sasa zamu yenu." Jibu zuri, lakini halikuwa jibu. Nikamweleza jinsi Zuhura anavyosema, nikamwachia. Mtoto alibadilika. Jumamosi anavaa viatu mwenyewe na kunisubiri mlangoni.

Majuzi nilikaa nyuma nitazame. Kijana mmoja alijifanya mgeni, akabisha hodi. Zuhura akakohoa kikohozi cha baba yake, akasema kwa sauti ya baba yake: "Karibu, bwana. Msimu wa tumbaku ukiisha, njoo umchukue. Mahari usijisumbue. Akili hana, lakini mikono anayo. Mama yake nitamwambia mkishafika Goweko."

Watu walivunjika mbavu. Jirani yangu akanipiga bega: "Shoga, mwanao mtani kweli. Kamwoza nani huyo?" Nami nikacheka. Mwalimu hakucheka. Alipiga makofi, akasema mchezo umekwisha, na ulikuwa ndio kwanza unaanza.

Nilimfuata nje. "Umemfundisha wewe?"

"Mama, wewe ndiye uliyeniambia habuni neno."

"Amewahi kuyasema kabla ya leo?"

Akainama. "Nikijibu, mzee wako atasema navunja nyumba za watu. Ukumbi utafungwa."

Sijui anamlinda Zuhura au anaulinda ukumbi wake.

Jioni mume wangu alikuwa akipiga randa ubao. Nikamwuliza kama mzaha: "Baba Zuhura, wale watu wa Goweko wanakuja lini?"

Randa ikasimama. "Nani kakwambia wanakuja kuchukua mtu?"

Sikuwa nimesema kuchukua. Nikamwambia nilidhani wameagiza kitanda. Akasema ndiyo, kitanda. Kitanda chenyewe sijakiona. Kesho yake alimletea Zuhura kanga mpya, jambo ambalo hajalifanya hata sikukuu, na akaamuru asiende tena ukumbini kwa kuwa anajifunza upuuzi.

Balozi wetu wa nyumba kumi ni mwenzake wa bao. Nikienda kwake, habari itamfikia mume wangu kabla sijarudi. Kaka yangu wa Igalula nilimweleza, akanijibu: "Dada, utamshitaki mumeo kwa maneno ya mchezo? Wazee watakucheka." Labda ni kweli. Labda mtoto aliyasikia redioni, au kwenye duka la ushirika, akayavisha sauti ya baba yake. Lakini tangu azaliwe sijamwona akichanganya sauti ya mtu na maneno ya mtu mwingine.

Tumbaku inakaribia kwisha kuvunwa. Njia ninayoiona ni moja: niwaite wazee wa pande zote mbili, mume wangu akiwepo, nimbishie Zuhura hodi kama yule kijana. Atajibu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kupokea anachopewa. Atayasema yote, na baba yake atajua ni mwanawe aliyemwanika hadharani. Kisha wageni wataaga, na sisi watatu tutabaki nyumba ile ile. Ninyi mliozaa, semeni nami: nimbishie hodi, au nimchukue tuondoke kabla sijawa na hakika?