Jogoo wa Kuchi na Mavyaa Wangu

Simu iliita nikiwa Malindi mjini, dukani kwa muuza zipu na vifungo, yapata saa nne asubuhi. Nilipoona ni mavyaa wangu, mamake mume wangu, nikajua kuna jambo, maana mama yule hana imani na simu. Akiwa na la kukwambia hungoja urudi, hata kama nyumba inaungua.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Niko msalani."

Nikaisogeza simu mbali na masikio ya muuza vifungo.

"Niko msalani tangu saa mbili," akaendelea kwa sauti ya chini, kama anayejificha kwa kuogopa majambazi. "Yuko mlangoni. Nikifungua kidogo tu, huyu hapa. Njoo umwondoe mnyama wako."

Nyuma ya sauti yake nikamsikia jogoo akiwika.

Muuza vifungo akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni mambo ya nyumbani tu. Nikaziacha zipu zangu juu ya meza, nikatoka kutafuta bodaboda.

Niseme ukweli: jogoo alikuwa wangu, na kosa lilikuwa langu. Tunaishi kijiji cha Ganda, nje ya Malindi, mimi na mavyaa. Mume wangu yuko kazini Mombasa na huja mwisho wa mwezi. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu iko barazani. Jirani yetu ni bibi mmoja aliyehamia kutoka Lamu miaka mingi iliyopita, naye hufuga kuchi, wale kuku warefu wenye miguu minene na shingo ya kujivuna. Siku moja mwewe alimchukua koo wake, kuku mwenye vifaranga, nao wakatawanyika, na mmoja akaingia uani kwetu akilia. Bibi akasema nibaki naye.

Nikamlea kama mtoto. Nilimwekea boksi la sabuni chini ya cherehani, nikamtandikia vipande vya vitenge. Chenga za mahindi alizila kiganjani mwangu. Jua likiwa kali alipanda begani, akasinzia huku nashona, na wateja wakasema sasa nimepata msaidizi. Mavyaa peke yake hakucheka.

"Kuku hulelewa na kuku," alisema. "Wewe endelea tu."

Alipofika umri wa kuwika, alikumbuka kwamba yeye ni jogoo, lakini hakukumbuka kwamba mimi ni mtu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeinama kuokota sindano, nikahisi kama nimechapwa bakora kwenye shavu la mguu. Nageuka, namwona: manyoya ya shingo yamesimama, bawa moja linaburutwa chini, ananizunguka kwa hatua za maringo. Akaruka tena, miguu mbele. Ule ukucha wa nyuma ya mguu, unaoitwa kipi, ulikuwa umeshaanza kuchongoka. Nikapanda juu ya kiti na kupiga mayowe ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyapiga.

Kutoka hapo akaanza kushughulikia wateja. Shangazi wa bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni ambalo lilikuwa bado na pini kiunoni. Jogoo akatokea upande wa jikoni. Yule mama alikimbia na gauni langu mwilini mpaka barabarani, na sikumwona kwa siku nne, wala gauni. Wengine wakajifunza kusimama nje na kuita, "Hodi! Jogoo amefungwa?" Mmoja alinirushia kitambaa juu ya ua, kisha akanitajia vipimo vyake kwa sauti, kifua na kiuno na yote, kijiji kizima kikisikia.

Mavyaa alikuwa na dawa yake. Kwake, jogoo ni mchuzi ambao haujaiva tu. Alichukua ufagio akamtandika. Jogoo akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ule ufagio, akarudi kwa nguvu zaidi. Akamtandika tena. Tangu siku ile yule ndege aliniona mimi kuwa mazoezi, na mavyaa kuwa adui hasa. Mimi nami nilijaribu kumwagia maji, nikajaribu teke, nikajaribu kukimbia. Ukimpiga, anaona vita vimetangazwa. Ukimkimbia, anaona ameshinda.

Basi nikafika nyumbani. Yule wa bodaboda alikuwa anamjua jogoo. Alinishusha mbali na lango, akageuza pikipiki. Nikachukua ungo uliokuwa umetundikwa jikoni, nikaushika mbele yangu kama ngao. Jogoo alikuwa amesimama mbele ya mlango wa choo, kimya, kama askari wa benki. Wake zake, mitetea wetu wawili, walikuwa wakiparua mchanga kando, hawana habari.

"Mama, toka sasa!"

Jogoo akaupiga ungo, pa! Akaupiga tena, pa! Mlango ukafunguka. Mavyaa akatoka, leso imefungwa vizuri kichwani, kopo la maji mkononi, kwa mwendo wa heshima kabisa. Heshima ile ilidumu hatua tano. Kisha akatimua mbio, kopo likaruka huku na leso kule. Sikujua kama magoti yale yanayomuuma kila mvua ikinyesha yana mbio za namna hiyo.

Alipokwisha kunywa maji na kupumua, alisema neno moja tu. "Jumapili nachinja."

Ilikuwa Jumatano.

Nikaenda kwa bibi jirani. Nilimkuta katikati ya majogoo wake, akitembea polepole, nao wakimpisha njia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya jogoo. Kelele zenu nimezisikia tangu asubuhi."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Kifaranga akilelewa na kuku hudonolewa na mamake, huchapwa na wakubwa, akajua mahali pake. Wako hakuchapwa na mtu. Yeye akuona kuku mwenziwe, tena kuku mnyonge."

"Sasa nimfanyeje?"

"Usimpige, wala usimkimbie. Akikujia, simama. Kisha mshike, umbane mabawa, umtie kwapani, uendelee na kazi zako. Akitulia kabisa ndiyo umweke chini. Akianza, mbebe tena. Jogoo aliyebebwa mbele ya wake zake hana tena la kujisifia."

Akaja mwenyewe na tupa, akampakata, akamsugua vile vipi vya miguuni mpaka ncha zikawa butu. Jogoo alilala mapajani mwake kama mtoto anayekatwa kucha. Akaniambia pia nisimlishe tena kwa mkono, nimwage chakula chini, na akaniazima mitetea watatu zaidi, kwa sababu wale wawili walikuwa wamenyonyoka migongo kwa kusumbuliwa.

Alhamisi asubuhi nikavaa suruali ya mume wangu ndani ya dera, na viatu vya mpira. Jogoo akaja. Nikasimama, nikifumba jicho moja. Akapiga kiatu mara mbili. Nikamfunika leso, nikamwinua. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio, na wangu pia. Nilifagia kwa mkono mmoja, nikawasha jiko, nikaenda dukani kununua sukari naye akiwa kwapani.

"Huyo wa kuuza?" mwenye duka akauliza.

"Hapana. Yuko kwenye adhabu."

Toka siku hiyo watu wakaanza kunisalimu kwa wingi. "Hamjambo?" walisema tukipita, na mimi nikajibu hatujambo, maana ningefanyaje? Yule shangazi wa bibi harusi alipolirudisha gauni, nilimpima yule mama, jogoo akiwa kwapa la kushoto na futi nimeing'ata kwa meno. Alisimama wima, mikono ubavuni, hapumui. Sijapata mteja aliyetulia vile.

Kufikia Jumamosi alikuwa amenikoma. Nikipita aligeuka kando na kudonoa ardhi, akijifanya ameona punje. Lakini mavyaa akitoa tu mguu nje, manyoya ya shingo yalisimama. Nikarudi kwa bibi.

"Wewe umemfunza akuheshimu wewe," akasema. "Mama yako hajambeba. Kila mtu na ambebe mwenyewe."

Nilipomfikishia mavyaa ujumbe huo, aliweka mikono kiunoni. "Mimi? Nimezaa watoto saba, nimezika mume, leo nikabebe jogoo?"

Lakini alasiri ile, nikiwa barazani, nilimwona ametoka uani na ungo. Jogoo akamjia. Mavyaa akautupa ungo kando, akasimama, akafumba macho yote mawili. Jogoo akaipiga leso yake ya kiunoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Mama akainama, akamkumbata kama mzigo wa kuni, akamtia kwapani. Akaanza kuizunguka nyumba. Alipopita mara ya tatu nikaona midomo yake inacheza, nikadhani anasali. Nikatega sikio.

"Hata marehemu alikuwa hivi hivi," alikuwa akimwambia jogoo. "Kelele asubuhi nzima, kifua mbele, mchana amelala. Mimi nilimvumilia miaka arobaini, nitashindwa na wewe?"

Jumapili alirudi kutoka kanisani, akapika maharagwe ya nazi. Kisu cha kuchinjia hakikutoka jikoni.

Sitasema jogoo amekuwa malaika. Wageni bado anawarukia, kwa hiyo tumemzungushia wavu nyuma ya nyumba, na anafunguliwa wateja wakishakwenda zao. Mavyaa humbeba kila siku, hata akiwa hakukosa lolote. Anasema ni kumkumbusha adabu. Nimemkuta akimpa habari za mvua na za bei ya mbegu.

Mwisho wa mwezi mume wangu akaja, mifuko mikono yote miwili, na hakuna aliyekumbuka kumwonya kwamba jogoo amefunguliwa. Tuliposikia kishindo tukatoka mbio. Alikuwa juu ya tangi la maji, kiatu kimoja kimebaki chini, na jogoo akikilinda.

"Mama!" akapiga kelele. "Mbona huyu hamjamchinja?"

"Mchinje wewe," mavyaa akamjibu, "ukiweza kushuka."

Kisha akamwinua jogoo, akamtia kwapani, wakaenda zao kukagua mihogo.