Maji ya Kache

Likizo ya Agosti 1964, wanafunzi kumi na wawili waliofaulu zaidi wilayani walikusanywa Msambweni kufundishwa sayansi kwa wiki tatu. Msichana alikuwa mmoja tu, Kache Mwero, binti wa mfugaji wa Kinango.

Jioni ya kwanza alifungua bomba la maabara, maji yakatoka. Basi! Alijaza ndoo, beseni, mitungi, hata chupa za majaribio zote. Kwao Kinango maji yakija hakiachwi chombo kitupu. Wenzake wa pwani walicheka hadi wakashika mbavu.

Asubuhi Mwalimu Mselem alitafuta chupa moja tupu asiipate. Akafoka, "Wewe umekuja kusoma au kuteka maji?"

"Nisamehe, mwalimu," alisema Kache, wala hakumwaga hata tone.

Saa nne bomba likakoroma, likatema hewa, likanyamaza siku tatu. Wale wachekaji walimjia mmoja mmoja na vikombe, wakimwamkia shikamoo kama nyanya yao. Kache akaitikia marahaba, akawapimia.

Wa mwisho alikuja Mwalimu Mselem, birika mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Umekuja kufundisha?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuteka maji."