Cheti Ndani ya Leso ya Posa

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi mawingu na kibaridi hapa Soga. Saa nne jua likatoka kali, nikavaa miwani myeusi.

Miwani hiyo naivaa tangu Machi, nilipoinama bandani kuokota yai, nikainuka kwa haraka, boriti ikanipokea. Daktari alisema ubongo umetikisika, utatulia. Uvimbe umeisha. Kilichobaki ni kizunguzungu, kusahau, kelele kuniumiza, na hofu nisiyojua inatoka wapi. Hata sufuria ikianguka moyo unakwenda mbio. Labda natia chumvi. Sufuria yetu ni kubwa.

Leo nilikuwa mshenga wa mpwa wangu. Nilimwomba atafute mwenye kichwa kizima. Akasema, "Mjomba, kule wanakujua wewe. Wakinikatalia huyu binti, nimekwisha." Basi barua ya posa ikafungwa kwenye leso nyeupe, nikaitia mfuko wa koti. Mfuko huohuo una cheti changu cha hospitali. Siendi popote bila hicho, nikianguka watu wajue pa kuanzia.

Njia nzima kwenda Kurui, nyumbani kwa binti, nilikuwa nikifungua leso kuhakikisha barua imo. Mara ya nne mke wangu akasema, "Wewe mwanamume, iache! Barua haina miguu." Kusema haki, hakukosea.

Tulikaribishwa jamvini. Maneno yangu niliyasema yote bila kukosea, nikajisifu moyoni. Baba mkubwa wa binti akafungua leso, akasoma kwa sauti ili wote wasikie:

"'Mgonjwa aepuke kelele, mwanga mkali na mambo ya kumsumbua akili.'" Akanitazama. "Bwana mshenga, hizi ndizo sifa za kijana wenu?"

"Aepuke kelele, halafu aoe kwetu?" akadakia shangazi wa binti. "Si mnamleta kufa!"

Baraza zima likacheka. Kile kicheko kiliingia kichwani kama nyundo. Nikajua nimemharibia mpwa wangu. Nikatoa mfukoni barua ya kweli, niliyoibadilisha na cheti nikifungua leso njiani, nikaeleza kila kitu, hata yai.

Mzee akaisoma barua, akaikunja. "Aliyetuonyesha cheti cha kichwa chake hatatuficha la kijana wake. Barua tumeipokea. Majibu Jumamosi ijayo."

"Na cheti kinabaki hapa," akasema shangazi, "asije akasahau njia."

Sijui kama ni heshima au wanataka kucheka tena. Ila tulipofika Mlandizi wakati wa kurudi ndipo nikakumbuka kwamba natembea bila cheti. Nikajishika kichwa: kipo.

Mpwa alikuwa mlangoni. "Mjomba, wamesemaje?"

"Wamepokea."

Akaruka, akapiga kelele za furaha. Ziliniuma, lakini sikumkataza. La cheti nilimwambia baada ya kula, maana sikutaka kumkatia hamu ya chakula.

Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi. Mayai yalikuwepo, mimi sikuyagusa.