Ua wa Njiti za Ufagio

Kwenye mkutano wa kuhamishwa kupisha mradi wa gesi, tuliwekewa mezani vijumba vya karatasi, kila mtu apange kijiji anachokitaka. Mama mmoja mkimya alikigeuza kijumba chake, mlango ukaelekea nyuma, akakizungushia njiti za ufagio ziwe ua.

"Shoga, wamkimbia nani?" jirani akamtania. Watu wakacheka. Mama akavuta kanga mdomoni.

"Amesema nini?" ofisa wa mradi aliniuliza kwa Kireno, maana mkalimani nilikuwa mimi, mwalimu wa shule ya kijiji.

"Hajasema kitu, senhor."

Ofisa akaandika kwamba mama amekubali mpango wao, akazing'oa njiti.

Darasani, mtoto asiyenyoosha kidole namfuata, nasoma daftari lake. Pale mezani nilisubiri mdomo useme. Siku hizi, kijiji kipya nyumba hazina ua na milango yote yatazama barabara; mama yule anapikia ndani, kajifungia, majirani wanasema anaringa. Nami napita njia nyingine.